Neno "Ain't"

Mwanafunzi ajifunzaye Kiingereza hufundishwa kusema *I am not*, *you are not*, *he is not*. Kisha siku moja husoma kitabu cha Charles Dickens, akakuta neno jingine: *ain't*. Hulitafuta katika sarufi yake, asilione. Je, neno hili limetoka wapi, na kwa nini walimu hulikataza?

Asili yake si ujinga, ila ulimi hupenda wepesi. Katika karne ya 17 Waingereza walizoea kufupisha maneno. *Is not* likawa *isn't*, na *are not* likawa *aren't*. *Am not* nalo likafupishwa kuwa *amn't*, ambalo hata leo lasikika Uskoti na Ayalandi. Lakini m na n zikifuatana ni taabu kuzitamka. Basi m ikaachwa, likabaki *an't*. Neno hilo laonekana katika michezo ya kuigiza iliyoandikwa kabla ya mwaka 1700. Baadaye sauti yake iligeuka, likaandikwa *ain't*.

Zamani hata mabwana wakubwa walilisema bila haya. Lakini kazi zake zilizidi: likashika mahali pa *is not* na *are not*, na hata *has not* na *have not*. Hivyo *he ain't here* maana yake "hayupo hapa," na *I ain't seen him* maana yake "sijamwona." Wengine husema *I ain't got no money*, yaani "sina fedha," wakikanusha mara mbili katika sentensi moja. Wenye sarufi walilikemea, wakaliita neno la watu wasiosoma. Dickens naye, katika *David Copperfield*, alilitia kinywani mwa mvuvi Peggotty, mtu asiye na elimu, lakini mwenye moyo mwema kuliko mabwana wengi.

Mwaka 1961 kamusi kubwa ya Webster huko Marekani ilisema kwamba hata watu wengi waliosoma hulitumia neno hilo katika mazungumzo. Magazeti yakapiga kelele, kana kwamba lugha imeuawa.

Mswahili asicheke upesi. Yeye husema, "Mimi si mgeni, wewe si mgeni, wao si wageni." Neno ni lile lile moja, *si*, kwa watu wote, wala hakuna aliitaye kosa. Basi kosa la *ain't* halimo katika neno lenyewe. Limo katika mahali lisemwapo.

Kijana aandikaye barua ya kuomba kazi, akatia *ain't* ndani yake, aweza kukosa kazi kwa neno hilo moja. Lakini naye amdharauye mvuvi kwa kulisema huonyesha kwamba hajui historia ya lugha. Mwenye hekima hulifahamu alisikiapo, hamcheki msemaji, na yeye mwenyewe huandika *am not*.