Kuipa picha mpya sura ya kale: Jinsi inavyofanywa na mipaka yake

PICHA iliyopigwa jana kwa simu yaweza leo kuonekana kana kwamba imetolewa katika sanduku la nyanya aliyeolewa enzi za ukoloni. Hiyo ni kazi ya dakika chache tu kwenye kompyuta au simu.

Hata hivyo, wengi huitia picha rangi ya hudhurungi na kudhani wamemaliza, ilhali kila dalili ya ukale ina chanzo chake.

Picha za zamani zisizo za rangi ziliundwa kwa chembe za madini ya fedha. Wapigapicha waliotaka zidumu walizitia kemikali iliyounganisha fedha hiyo na salfa, nao weusi ukageuka hudhurungi. Rangi hiyo huitwa sepia, neno la Kigiriki lenye maana ya ngisi, kwa kuwa wino wa kiumbe huyo ulitumiwa na wachoraji. Kwa hivyo, mara nyingi hudhurungi ilikuwa dalili ya picha kutunzwa wala si kuchakaa.

Picha za rangi za miaka ya 1960 na 1970 ni tofauti. Hizo zilitegemea rangi tatu: samawati, waridi iliyokoza na manjano. Katika nyingi, samawati ilififia kwanza, hata zilipofungiwa kabatini, zikabaki na wekundu. Anayetaka picha ya arusi ifanane na ya 1972 basi asiigeuze hudhurungi, aipunguzie samawati.

Je, kazi yenyewe hufanywaje? Kwanza, hifadhi picha asilia na ushughulikie nakala yake. Programu kama vile GIMP, ambayo hutolewa bila malipo, inatosha. Amua ni enzi gani unayoiiga, kisha urekebishe rangi. Fanya weusi uelekee kijivu na weupe uwe na umanjano kidogo. Ongeza chembechembe, na utie giza jepesi pembeni, kwani lenzi nyingi za kale hazikufikisha mwanga sawasawa huko. Mikwaruzo iwe michache. Ikizidi, udanganyifu hujianika.

Suala la udanganyifu si dogo. Mnamo 2011, mpigapicha Damon Winter wa gazeti la New York Times alituzwa katika shindano la Marekani kwa picha za wanajeshi nchini Afghanistan, alizopiga kwa programu ya simu iitwayo Hipstamatic, ambayo huzipa picha sura ya kale. Mjadala mkali ulizuka miongoni mwa wanahabari: je, vita vya leo vyafaa kuvishwa vazi la jana?

Swali hilo linahusu familia pia. Picha ya babu iliyozeeshwa ili kupamba kijitabu cha mazishi yaweza, baada ya miaka 40, kuchukuliwa na vitukuu kuwa ushahidi wa ujana wake. Faili asilia kwa kawaida huwa na tarehe ndani yake, lakini tarehe hiyo haionekani picha inapochapishwa kwenye karatasi.

Dawa ni nyepesi. Andika nyuma ya picha, au chini yake, mwaka ilipopigwa na kwamba imebadilishwa. Pambo litabaki pambo, na historia ya ukoo itabaki salama.