Prosesa ya Kale Isitupwe Jalalani

Kompyuta ya mapajani inapokufa, mara nyingi kilichokufa si prosesa. Kioo kimepasuka, bawaba zimeng'oka, betri haishiki tena chaji, au chai imemwagika juu ya vibonye. Prosesa yenyewe, kile kipande kidogo kifanyacho hesabu zote, huwa ingali nzima ndani ya mzoga. Hata hivyo mwenye mali hutupa vyote pamoja. Sisi hatukubaliani na desturi hiyo.

Wapo wasemao kwamba prosesa ya mapajani haiwezi kamwe kutumika mezani. Historia inawasuta. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ilitoa Athlon XP-M, iliyokaa katika soketi ile ile ya kompyuta za mezani. Aina yake ya 2500+ ilipimwa kwa wati 45, hali dada yake wa mezani alifikia wati 68, na wajuzi wakaitafuta makusudi, wapate kuiendesha kwa kasi kupita ile iliyoandikiwa. Mwaka 2005 Asus nao walitoa CT-479, kipande cha kuunganishia kilichowezesha Pentium M kukaa juu ya baadhi ya bodi zao za Pentium 4.

Kazi hiyo, hata hivyo, haitaki pupa. Prosesa za Intel za mapajani zenye pini 988 haziingii katika soketi ya mezani yenye migusano 1155. Hutaka bodi yake mahsusi. Tena nyingi hazina kile kifuniko cha chuma kilichozoeleka mezani, kwa hiyo kipoza joto kikigandamizwa kwa nguvu huvunja jiwe lenyewe. Na bodi isiyokuwa na programu ya kuitambua prosesa hiyo haitawaka, hata fundi akikesha.

Zamani fundi alizungusha skrubu moja tu, prosesa ikatoka. Hali hiyo iliendelea katika kompyuta nyingi hadi kizazi cha nne cha Intel Core, cha mwaka 2013. Baada yake Intel ilizifunga prosesa zake zote za mapajani kwa kulehemu. Tunaelewa kwamba wanunuzi wanapenda kompyuta nyembamba. Lakini unene wa milimita chache umegharimu mno.

Nchini China hawakukata tamaa. Huko wako mafundi wanaozibandua prosesa zilizolehemiwa, baadhi zikiwa na vitone 1,440 vya lehemu chini yake, wakazipachika upya juu ya kibao chenye migusano ya soketi ya mezani. Bidhaa hizo hazina dhamana ya mtengenezaji, na anunuaye ajue hivyo. Lakini zinafanya kazi.

Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Tunawataka watengenezaji wairudishe soketi. Tunazitaka serikali nazo zisiwaachie hiari. Umoja wa Ulaya ulipopitisha sheria ya haki ya kutengenezewa mwaka 2024, mashine za kufulia ziliorodheshwa, simu za mkononi ziliorodheshwa, hata vifyonza vumbi. Kompyuta za mapajani hazikuwamo.