Springi Ikikatika, Usiichomelee

Gari linalopanda kutoka Makuyuni hupita Karatu kabla ya kufika lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, na Karatu ndio mji wa mwisho wenye karakana za kutegemewa. Ukishavuka lango ni barabara ya changarawe. Unakwea hadi ukingo wa kreta, unateremka kwa njia ya Seneto na kupanda kwa njia ya Lerai. Au unaendelea kuelekea lango la Naabi juu ya matuta madogomadogo yaliyojipanga kama bati la nyumba. Ndani ya gari wamo wageni, mizigo, jokofu, maji, na pengine matairi mawili ya akiba. Haishangazi kwamba mgonjwa anayeletwa zaidi kwa mafundi wa Karatu ni springi ya nyuma.

Springi ya Land Cruiser ni majani kadhaa ya chuma yaliyopandana, yakashikwa katikati na senta bolti na kufungwa kwenye ekseli kwa yu-bolti. Jani likikatika, liokote ulitazame pale lilipokatikia. Aghalabu utaona sehemu mbili. Moja ni nyeusi au ina kutu, na uso wake ni laini: hapo ufa ulianza muda mrefu uliopita, mara nyingi kwenye tundu la bolti au penye mkwaruzo, ukawa unasogea kidogokidogo kila gari linaporuka. Nyingine inang'aa na ina chembechembe: hapo chuma kilichobaki kilizidiwa kikakatika kwa mkupuo. Dereva atasema springi imekatika leo asubuhi. Ukweli ni kwamba amekuwa akitembea na ufa kwa majuma, na huenda kwa miezi.

Sasa linakuja pendekezo la haraka: tuichomelee, safari iendelee. Hapo ndipo ninapoomba wenye magari wanisikilize.

Chuma cha springi si chuma kama cha dirisha au geti. Kina kaboni nyingi kuliko hicho, takriban nusu asilimia au zaidi, na kiwandani kilipitishwa kwenye moto mara mbili. Kwanza kilipashwa hadi karibu nyuzi joto 850 kikazamishwa kwenye mafuta, kikawa kigumu mno, kigumu cha kupasuka. Kisha kikapashwa tena, safari hii kwa nyuzi 450 au 500 hivi, ili kipunguze ukali na kiweze kupinda na kurudi. Uwezo huo wa kurudi ndio uliolipiwa dukani.

Mchomeleaji anapowasha waya wake, chuma kinayeyuka kwa joto linalopita nyuzi 1,400. Pembeni mwa mshono, jani linaiva jekundu, halafu linapozwa ghafla na sehemu yake yenyewe iliyobaki baridi. Ukanda huo unarudi kwenye ule ugumu wa kupasuka. Sentimita chache mbele yake kuna ukanda mwingine uliopata joto la kulegeza tu, umekuwa laini na hauwezi tena kurudi ukipinda. Kwa hiyo jani moja sasa lina magonjwa mawili yanayopakana. Ndiyo maana springi iliyochomelewa hukatika kando ya mshono, na fundi husema kwa haki kabisa kwamba mshono wake haukuachia. Mshono haukuachia, kilichouawa ni chuma kilicho jirani nao.

Chesisi ni habari tofauti. Chuma chake kina kaboni kidogo na kinakubali kuchomelewa. Magari mengi ya watalii kaskazini mwa Tanzania yamekatwa chesisi na kurefushwa ili kuongeza viti, na kazi ikifanywa vizuri hudumu miaka. Ufa wa chesisi hutobolewa tundu dogo kwenye ncha yake ili usiendelee, hukwanguliwa kwa grainda hadi chuma kisafi, ndipo hujazwa na kuongezewa bamba. Mafundi wa Karatu wanaoijua kazi hii wapo, na wanastahili kulipwa vizuri.

Kanuni ya chuma kilichokazwa kwa moto inahusu pia chombo kingine kinachotembea Ngorongoro: bunduki ya askari anayewasindikiza wageni kwa miguu kwenda Empakai, kwenye njia za nyati. Kasha lake la chuma, lile linaloshika mtutu na kubeba bolti, nalo limekazwa kwa moto. Marekani ilijifunza kwa maumivu. Mwaka 1917 makasha ya bunduki za Springfield za mwaka 1903 yalianza kupasuka mikononi mwa wapigaji. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafua chuma wa kiwandani walikuwa wakikadiria joto kwa macho. Siku ya jua kali chuma kilichoiva kupita kiasi kilionekana bado hakijaiva, wakakizidishia moto hadi kikaungua. Vikaletwa vipimo vya joto, na mwaka 1918 njia ya kukaza chuma ikabadilishwa. Chuma kilichokwisha kuungua hakikuweza kuponywa kwa uhakika. Kasha lenye ufa ni la kuondolewa kazini. Na hapa kwetu silaha ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Si kazi ya kupeleka kwa mchomeleaji.

Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, wilaya hiyo hiyo ya Karatu, wahunzi wa Kidatoga bado wanasoma rangi ya chuma kwenye moto wa mkaa unaopulizwa kwa mivukuto ya ngozi, na wanafanya kazi kivulini. Kivuli hicho kina maana kubwa: ndani yake wekundu wa chuma hausemi uongo. Misumari wanayoigeuza vyembe vya mishale ya Wahadzabe ina kaboni kidogo, haikazwi kwa kuzamishwa majini. Nyundo ndiyo inayoikaza. Huu ni ujuzi wa chuma, na ninauheshimu sawa na ule wa maabara.

Mwenye gari anaweza kupima mwenyewe. Safisha jani la springi kwa brashi ya waya, lipake mafuta ya taa, subiri, lifute likauke, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Ukiletewa pini ya springi iliyokerezwa, ipitishe tupa: tupa ikiila kwa urahisi, huenda pini hiyo imechongwa kutoka kwenye nondo, na haitafika mbali. Fundi mkerezaji mwaminifu atakuambia ametumia chuma gani.

Kwa hiyo jani la springi, shafti ya gurudumu na fito za usukani visichomelewe kamwe, hata kama mgeni anasubiri na lango linakaribia kufungwa. Nunua jani zima, badilisha na senta bolti yake, na kaza yu-bolti upya baada ya safari ya kwanza.