Rosa Mistika na Mkasi wa Maadili

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe ambaye hakuwa ametimiza hata miaka thelathini, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Haukupita muda ikapigwa marufuku shuleni. Iliweka wazi mambo ya ngono, ulevi na utoaji mimba, ambayo waandishi wengi wa Kiswahili wakati huo waliyapitia pembeni.

Walioifungia walitaka kuwalinda vijana, na nia hiyo haina ubaya. Walikosea katika kusoma.

Zakaria, babake Rosa, ni mlevi anayeitesa familia yake. Anapogundua kwamba Rosa ameandikiwa barua na mvulana aitwaye Charles, anamcharaza bila huruma. Kuhusu mapenzi na wanaume hamweleweshi lolote. Kipigo ndicho malezi yenyewe. Binti anapofika shule ya bweni, mbali na macho ya baba, hana silaha yoyote ya kujikinga. Anatumbukia katika anasa, anatoa mimba, na mwishowe anajiua. Ni vigumu kumpata msomaji atakayefunga kitabu hicho akiyatamani maisha ya Rosa.

Marufuku ile, basi, iliwatendea wanafunzi kama Zakaria alivyomtendea bintiye: iliwakataza bila kuwafunza.

Kosa la kuhukumu kitabu kwa vipande vyake lina historia ndefu. Nchini Uingereza, kesi ya Hicklin ya 1868 ilijenga kipimo cha uwezekano wa maandishi kuwapotosha watu walio wepesi kupotoka. Chini ya kipimo hicho, aya chache zilitosha kukitia kitabu hatiani. Jaji John Woolsey wa Marekani alikwenda njia nyingine mwaka 1933: aliisoma Ulysses ya James Joyce yote, kisha akairuhusu. Sheria ya Uingereza ya 1959 nayo ikataka kitabu kipimwe kwa ujumla wake na wataalamu wasikilizwe kuhusu thamani yake. Mwaka uliofuata, kampuni ya uchapishaji ya Penguin ilishinda, chini ya sheria hiyo, kesi ya riwaya ya Lady Chatterley's Lover.

Kipimo hiki cha kukisoma kitabu kizima hakifungulii mlango kila uchafu. Kinamdai mkaguzi kazi zaidi: aeleze hatima ya wahusika, mwandishi anaegemea upande gani, na msomaji anaachiwa funzo lipi. Rosa Mistika ingepimwa hivyo tangu mwanzo, isingelazimika kusubiri marufuku iondolewe ndipo walimu waitumie darasani kujadili malezi.