Mzee Akikonda, Msiseme Ni Uzee Tu

Mkoa wetu wa Ruvuma huvuna mahindi kwa wingi. Lakini ghala lililojaa halimfai mzee asiyeweza kutafuna, au anayekula ugali na mboga za majani tu kila siku. Misuli yake hupungua, miguu hukosa nguvu, naye huanguka.

Mpimeni nyumbani. Akiwa ameketi, zungusheni futi ya fundi cherehani kwenye shavu la mguu, mahali palipo panene zaidi. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 31, huenda ana utapiamlo. Lakini mguu uliovimba hudanganya. Angalieni pia: Je, nguo zinampwaya? Amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3? Anaweza kuinuka kitini mara 5 bila kujishikiza?

Mkiona shaka, mpelekeni zahanati, au hospitali ya Peramiho au ya Mkoa Songea, kwani kifua kikuu na kisukari pia hukondesha. Nyumbani mpeni maharage yaliyopondwa, dagaa wa Nyasa waliosagwa, karanga, yai au maziwa. Kidogo kidogo, mara nyingi. Tena atembee kila siku.