Yasiyosemwa Barazani

Mtu wa Kikwajuni, mjini Zanzibar, akizidiwa na sonona, mara nyingi hamwambii daktari kwamba ana huzuni. Husema kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma, usingizi umemkimbia. Wala hadanganyi. Msongo ukidumu, mwili huweza kuendelea kumwaga kotisoli, ile homoni ya msongo. Usingizi ukavurugika, misuli ikakaza, na maumivu madogo yakahisiwa makubwa. Basi anapimwa malaria, anapimwa presha, anapewa panadoli, anarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili yupo tena kwenye foleni.

Wengine huanzia kwa shehe. Atasomewa, au ataandikiwa kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikoshwe kwa marashi, anywe. Sioni cha kucheka hapo. Anayesomewa amezungukwa na watu waliomjali, na upweke ndio kuni za maradhi haya. Ubaya huja pale anapolazimishwa kuchagua baina ya dua na daktari, kana kwamba kimoja kinabatilisha kingine.

Kinachomchelewesha mgonjwa kupata tiba khasa ni jina. Hospitali ya maradhi ya akili Zanzibar ni moja tu, Kidongo Chekundu, na jina hilo mjini limeshageuka tusi la kutaniana. Na Kikwajuni ni mtaa wa kuonana. Kwenye zile ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, watu hupishana ngazini kutwa. Kwenye nyumba za chini, baraza haikosi mtu. Wa kuzungumza naye si kwamba hayupo. Asiyepatikana ni yule ambaye neno likishafika kwake halitoki.

Hata huyo akipatikana, mazungumzo ya barazani si tiba. Utaambiwa subiri, mshukuru Mungu, wapo waliofikwa na makubwa zaidi. Maneno mazuri, lakini kujilaumu ni dalili mojawapo ya sonona, kwa hiyo mgonjwa husikia jambo moja tu: hata kushukuru nimeshindwa.

Tiba ya mazungumzo hufuata njia nyingine. Sonona hujilisha yenyewe. Mama aliyekuwa akisuka ukili na shoga zake jioni huacha kwa sababu hana raha. Akishaacha, ile raha kidogo aliyokuwa akiipata pale nayo huondoka. Kesho hana nguvu hata ya kuoga. Mtoa tiba hamngojei apate hamu ndipo atoke. Humwomba afanye jambo dogo wakati hamu bado haipo: apeleke kiti ukumbini, akae na wenzake robo saa, kisha aje aeleze ilikuwaje. Utafiti umeonesha kwamba kwa wengi kitendo hutangulia na moyo hufuata.

Siku ya kwanza yenyewe haitishi kama inavyodhaniwa. Hakuna kulazwa kwenye kochi wala kuchimbuliwa utoto. Mara nyingi huanza na maswali tisa yanayotumika duniani kote, na kwa Kiswahili yapo: katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo? Umelala vipi? Umekula vipi? Kila jibu hupewa alama, sifuri hadi tatu. Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba bora ufe. Hapo wengi hushtuka, na jamaa huogopa kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo hilo. Utafiti haukuthibitisha khofu hiyo. Walioulizwa waziwazi hupata mwanya wa kutua mzigo. Atakayejibu ndiyo asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jibu la nani atoe tiba hiyo ndilo lililoniondolea shaka. Uganda, katika wilaya za Rakai na Masaka, watafiti waligawa vijiji 30 kwa kura. Kwenye nusu yake, wenye sonona walikutana kwa makundi, wanawake mbali na wanaume mbali, dakika 90 kwa wiki, wiki 16. Waliowaongoza walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Matokeo yalichapishwa 2003: mwishoni waliobaki na sonona kwenye makundi walikuwa asilimia 6.5, na kwenye vijiji vingine asilimia 54.7. (Kumbe hata wasiotibiwa, wengine hupata nafuu, lakini tazama tofauti.)

Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 na mabibi 14 mtaani Mbare, Harare. Bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wanaorodhesha matatizo, mgonjwa anachagua moja, wanatafuta hatua ya kuchukua wiki hiyo. Ukitazama kwa mbali ni baraza tupu. Ila bibi amefundishwa kusikiliza kabla ya kusema, na wiki inayofuata atauliza ile hatua imefikia wapi. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 13.7 ya waliokalia benchi, dhidi ya asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshavuka bahari hadi Unguja.

Hiyo asilimia 13.7 nayo ni watu. Ikiwa vikao vimekwisha na mtu bado haamki kitandani, zipo dawa, kama fluoksetini na amitriptilini. Huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla ya kufanya kazi, ilhali kinywa kukauka au kichefuchefu huja siku za mwanzo. Ndiyo maana wengi huzitupa wiki ya kwanza. Na akishapata nafuu hazikatishwi ghafla: daktari huziendeleza kwa miezi kadhaa, kisha huzipunguza kidogo kidogo.