Kikohozi Kilichotoka Kwenye Kidonge

Bi mkubwa ametoka sokoni Mwanakwerekwe, kikapu cha ukili mkononi, ndani mna mbatata na fungu la mchicha. Anaingia duka la dawa kutaka chupa ya tatu ya dawa ya kikohozi. Koo lamkereketa, hasa usiku, na balghamu haitoki. Muuzaji akinyoosha mkono rafuni tu, ameuza. Akiuliza, "Bi, unatumia dawa gani nyengine?" ndipo kinapotajwa kidonge cha presha, enalaprili, alichoanzishiwa mfungo sita. Kikohozi kilimjia mfungo saba.

Simtaji jina, kwani wa namna yake ni wengi.

Enalaprili, kaptoprili na lisinoprili ni ndugu. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya kubana mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, presha hushuka. Lakini kimeng'enya hichohicho huvunja pia bradikinini, kemikali inayochokoza njia za hewa. Kikizuiwa, bradikinini hurundikana na mtu hukohoa. Kikohozi hiki humpata kadiri mtu 1 katika kila 10, pengine baada ya miezi kadhaa. Dawa ya kikohozi haigusi chanzo hicho. Daktari akibadilisha kidonge, kwa mfano akampa losatani, kikohozi huisha taratibu, mara nyingi ndani ya mwezi.

Hayo ni maudhi ya dawa: yanasumbua, na yana njia ya kutatuliwa. Madhara ni jambo jengine. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla kwa anayetumia dawa hizi, asingoje asubuhi, akimbizwe hospitali. Na mwenye mimba, au anayeitafuta, amwambie daktari mapema, kwani dawa hizi humdhuru mtoto tumboni.

Kosa kubwa ni kuyatibu maudhi kama ugonjwa mpya. Tazama amlodipini, dawa nzuri ya presha. Hupanua mishipa midogo, maji yakavujia kwenye nyama na miguu ikavimba. Mtu akijinunulia dawa ya kukojosha, uvimbe haupungui sana, ila asidi ya uriki huweza kupanda na kidole gumba cha mguu kikawaka jongo. Kwa maumivu hayo atanunua diklofenaki, nayo huipandisha ileile presha aliyokuwa akiitibu. Diklofenaki ikikutana na enalaprili na dawa ya kukojosha, figo huelemewa, zaidi kwa mzee aliyepungukiwa na maji mwilini.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa ya pili, jiulize: tatizo hili lilianza kabla ya dawa ya kwanza au baada yake? Jibu usilitumie kuacha kidonge kimyakimya. Presha hupanda bila ya kuumwa popote, na kiharusi hakitoi notisi. Rudi kliniki na pakiti zote ndani ya kikapu, zikiwemo za maumivu na dawa za miti shamba. Si kila kikohozi ni cha kidonge: kikifika wiki 2, omba pia kupimwa kifua kikuu.

Bi mkubwa wetu hahitaji kujua jina la kimeng'enya. Akimwambia daktari, "Kidonge nilianza mfungo sita, kikohozi kikaja mfungo saba," amemaliza nusu ya kazi. Chupa ya tatu na ibaki rafuni.